Kilema cha Kuzaliwa: Maana na Asili ya Neno, na Matumizi Yake katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1. Suala lenyewe

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa mwanaisimu, ibara hii ni ya pekee. Ni mara chache sheria kuu ya nchi huufanya uteuzi wa maneno kuwa jambo la haki. Na kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, basi wajibu wa kueleza ni maneno gani ya Kiswahili yadunishayo, na ni yapi yasiyodunisha, hauwezi kuachiwa mawakili peke yao.

Mjadala uliopo umejishughulisha zaidi na adabu. Swali linaloulizwa ni kama yafaa kusema kilema, mlemavu, au mtu mwenye ulemavu. Swali hili ni la haki, nasi tutaligusa. Lakini liko jingine ambalo halijachunguzwa vya kutosha: neno tunalolitumia lasema nini juu ya chanzo cha hali inayotajwa? Mtoto anapozaliwa na mguu uliopinda, au macho yasiyoona, au mgongo ulio wazi, wazazi huambiwa jambo fulani kwa lugha fulani. Katika maneno hayo mara nyingi mna jibu la swali ambalo wazazi hawajapata nafasi ya kuliuliza: ni nani aliyelileta jambo hili?

Tumechagua mitaa ya Eastlands kuwa mahali pa kulipimia suala hili kwa sababu iliyo wazi. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika katika mji wa kikoloni, na hospitali ya uzazi ya hapo ina asili ya mwaka 1926. Kutoka Pumwani na Majengo, makazi yalienea hadi Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, na baadaye Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Katika mitaa hii mama asemaye Kikamba, Dholuo, Gikuyu, Kisomali au mojawapo ya lugha za Kiluhya hukutana na mkunga asiyesema lugha yake, na lugha inayowaunganisha aghalabu ni Kiswahili. Basi Kiswahili hapo si pambo la jukwaani. Ndicho chombo ambacho kwacho habari nzito hupokewa kwa mara ya kwanza.

Hoja yetu ina sehemu tatu. Kwanza, neno kilema, kwa asili na muundo wake, ni kimya juu ya chanzo. Pili, fungu la maneno "kuzaliwa na" lina utata wa kisarufi ambao Kiswahili sanifu huuondoa kwa upatanisho, lakini usemi wa kila siku wa Nairobi mara nyingi hauuondoi. Tatu, lawama huingia pale ambapo "-a kuzaliwa nao" hubadilishwa na "-a kurithi", kana kwamba maneno hayo mawili ni mamoja.

2. Asili ya kilema

Neno kilema halikukopwa kutoka Kiarabu, wala halikubuniwa na kamati. Ni la Kibantu. Ushahidi ulio karibu ni wa Kiganda, ambamo mtu aliyelemaa huitwa omulema, hali yake obulemu, na kitenzi chake ni okulemala. Kitenzi hiki cha Kiganda kinalingana na chetu cha kulemaa, isipokuwa kwamba Kiswahili kimeidondosha l iliyokuwa kati ya irabu mbili za mwisho, kama kilivyofanya katika maneno mengine mengi. Tukumbuke zaa, ambalo l yake iliyopotea hurudi katika zalia na zaliwa.

Mwisho huo wa -aa una maana yake. Tuvitazame vitenzi hivi: nyamaa, shangaa, zubaa, duwaa, pumbaa, kakamaa, sinyaa, chakaa. Vyote hutaja hali ambayo mtu au kitu huingia na kukaa ndani yake. Havisemi ni nani aliyemwingiza humo. Aliyenyamaa hakunyamazishwa lazima, na kilichochakaa kimechakaa tu. Tukitaka kumtaja mtenda, hatuna budi kukinyambua kitenzi: nyamazisha, shangaza, pumbaza, lemaza. Kulemaa basi ni kuwa katika hali hiyo, na kulemaza ndiko kumtia mtu humo. Msemaji asemapo "mguu wake umelemaa", kiambishi -me- hutoa habari ya hali iliyopo sasa, nacho hakidai lolote juu ya siku iliyoanza, wala juu ya mkono ulioileta. Sentensi hiyo ni kweli kwa mtoto aliyezaliwa hivyo, kwa aliyepooza kwa polio akiwa na miaka mitatu, na kwa utingo aliyeanguka kutoka katika matatu.

Ndiyo maana Waswahili, walipotaka kutaja chanzo, walilazimika kuongeza mkia: kilema cha kuzaliwa. Mkia huo ni ushahidi wenyewe kwamba neno halikuibeba maana hiyo tangu mwanzo.

Ukimya huu wa kilema utathaminiwa vizuri zaidi tukilinganisha neno hilo na mengine mawili ya zamani ambayo si kimya. Kigego, neno litokanalo na gego, lilikuwa jina la mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Timvi lilikuwa jina la mtoto ambaye dalili zake za utotoni zilisadikiwa kuwa za mkosi. Katika maneno haya mawili hali ya mwili na hukumu juu yake haviachani. Kumwita mtoto kigego ilikuwa ni kutaja meno yake na balaa lake kwa pumzi moja, na zamani hukumu hiyo iliweza kumgharimu mtoto uhai wake. Lugha iliyokuwa na maneno kama hayo ingaliweza kukifanya kilema nacho kuwa neno la mkosi. Haikufanya hivyo. Iliacha kilema kitaje kinachoonekana, basi.

3. Tatizo la ngeli

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya kilema ni kwamba kiambishi ki- humfanya mtu kuwa kitu. Hoja hii ina nguvu kiasi, lakini si kiasi kile kinachodhaniwa. Kiongozi, kijana, kinyozi, kipenzi na kiumbe ni maneno ya ki-, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika kwamba ngeli imemdunisha. Tena jambo hili si la Kiswahili peke yake. Gikuyu, jirani yetu katika mitaa ya Bahati na Dandora, nayo humwita mtu wa namna hii kionje, kwa kiambishi hicho hicho. Kiganda, kwa upande mwingine, kimeuweka mzizi wetu katika ngeli ya watu, omulema, abalema, na hatuna ushahidi kwamba ngeli hiyo peke yake iliwaletea wahusika heshima zaidi.

Jambo lenye uzito ni jingine. Majina ya Kiswahili yanayohusu hali za mwili hugawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza hutaja mtu peke yake, na hali ina jina lake mbali: kipofu na upofu, kiziwi na uziwi. Kundi la pili hutaja hali peke yake, na mtu husemwa kuwa anayo: chongo, kengeza, kithembe, kigugumizi. Twasema "ana kigugumizi". Hatusemi "yeye ni kigugumizi". Kundi la tatu hutaja yote mawili kwa neno moja, nalo ndilo lenye kibyongo na kilema. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939, zimezikubali maana zote mbili za kilema: aliyelemaa, na kasoro yenyewe.

Katika usemi fasaha upatanisho huzitenga maana hizo. "Kilema huyu amefika" ni mtu. "Kilema hiki kimemsumbua" ni hali. Sarufi haimchanganyi mtu na mguu wake, mradi msemaji aifuate. Zaidi ya hayo, Kiswahili huonyesha umiliki kwa "kuwa na", yaani kuwa pamoja na kitu. "Ana kilema" maana yake ni kwamba mtu yuko, na kilema kiko pamoja naye. Basi wale wanaodai kwamba kumtenga mtu na hali yake ni fikra mpya iliyoletwa na mikutano ya kimataifa hawajaitazama vya kutosha sarufi ya lugha yao. Tofauti ya "ni kilema" na "ana kilema" ni ya zamani, nayo ndiyo tofauti ile ile inayotafutwa leo kwa kusema "mtu mwenye ulemavu" badala ya "mlemavu".

Hata hivyo, hatuwezi kukanusha kwamba neno kilema, likitumiwa kumtaja mtu, limeingia uchungu katika vinywa vya watu, na uchungu wa neno hauondolewi kwa hoja za mofolojia. Mlemavu na ulemavu yaliundwa kwa njia halali, kutoka kulemaa, kama vile mnyamavu na unyamavu kutoka kunyamaa, au mlegevu na ulegevu kutoka kulegea. Kenya iliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa walemavu, na Umoja wa Mataifa ukafuata kwa mwaka 1981. Tangu siku hizo maneno haya yamekubalika katika maandishi rasmi. Pendekezo letu ni kwamba kilema kibaki kwa maana ya hali, na kisitumiwe tena kumtaja mtu. Kwa kufanya hivyo neno litahamia katika kundi la pili, pamoja na kengeza na kigugumizi, na hapo halitamdhuru yeyote.

4. Utata wa "kuzaliwa na"

Tuchukue sasa sentensi moja fupi: Mtoto huyu amezaliwa na kilema.

Msomaji wengi wao wataielewa kuwa mtoto amekuja duniani akiwa na kasoro. Lakini sarufi inaruhusu tafsiri ya pili. Katika kauli ya kutendwa, "na" humtangulia mtenda. "Amezaliwa na Fatuma" maana yake ni kwamba Fatuma ndiye aliyemzaa. Ikiwa kilema ni jina la mtu, basi "amezaliwa na kilema" yaweza kumaanisha kwamba mama yake ni mlemavu. Fungu hilo hilo lataja kitu alichokuja nacho mtoto, na pia lamtaja mtu aliyemleta. "Na" ya uandamano na "na" ya mtenda zina umbo moja.

Kiswahili sanifu kina dawa ya utata huu, nayo ni kirejeshi: "kilema alichozaliwa nacho". Hapo -cho- hurejea kwenye hali, na mama hatajwi. Kama tungemtaka mama, tungesema "kilema aliyemzaa". Si ajabu kwamba istilahi ya kitaalamu ya lugha za Ulaya kwa jambo hili imetoka katika Kilatini congenitus, neno lililoundwa kwa "pamoja" na "kuzaliwa". Kiswahili kilikuwa na muundo huo tayari, tena ulio wazi zaidi, kwa kuwa kirejeshi chetu huonyesha ni kipi kilichokuwa pamoja na mtoto.

Lakini dawa hii hudai upatanisho kamili wa ngeli, na hapa ndipo Eastlands inapotulazimisha kufikiri upya. Katika Kiswahili cha kila siku cha mitaa hii, upatanisho umepunguzwa sana. Husikika "hii kitu", "hii mtoto", na kwa hiyo "hiyo kilema". Kirejeshi cha -o- aghalabu huachwa, na nafasi yake kuchukuliwa na amba- isiyobadilika au na vile na penye. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu wasemaji. Lugha ya watu waliokutana kutoka pande nyingi hurahisisha, na Sheng, iliyokulia katika mitaa hii, imeonyesha kwamba kurahisisha hakuzuii ubunifu. Twasema tu kwamba mwalimu wa sarufi anayedai upatanisho utaondoa utata anategemea chombo ambacho msikilizaji wake huenda hanacho. Muuguzi akisema "amezaliwa na hiyo kilema", hakuna kirejeshi cha kumlinda mama.

Wasemaji wenyewe, hata hivyo, wamejitafutia njia. Husema "alizaliwa hivyo", au "ni vile alizaliwa". Wanaisimu wamezoea kuupita usemi huu kwa haraka kwa sababu hauna istilahi ndani yake. Kwa hakika unastahili kutazamwa. Hauna jina la hali, kwa hiyo hauna neno la kudunisha. Hauna "na", kwa hiyo hauna utata wa mtenda. Kielezi hivyo huelekeza kwenye kinachoonekana na kusimama hapo. Kasoro yake ni moja: hauwezi kuingia katika cheti au kitabu cha tiba, kwa sababu hautofautishi hali moja na nyingine.

5. Kuzaliwa nao si kuurithi

Twafika sasa penye madhara makubwa zaidi. Katika vipeperushi, katika redio, na katika mazungumzo, "ugonjwa wa kuzaliwa nao" na "ugonjwa wa kurithi" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sivyo, na tofauti yao si ya wataalamu tu.

Kurithi ni neno la Kiarabu lililoingia kwetu pamoja na sheria ya mirathi. Kinachorithiwa hutoka kwa mtu anayejulikana, hupitia nasaba, na huwa na mwenyewe. Kusema kwamba mtoto amerithi hali fulani ni kusema kwamba kuna aliyekuwa nayo kabla yake. Na katika nyumba ya chumba kimoja huko Makongeni au Mathare, kama ilivyo kwingineko, swali linalofuata hujulikana: ni upande gani? Jibu nalo hujulikana: "Katika ukoo wetu hakuna kitu kama hicho." Mara nyingi anayebaki na lawama ni mama. Ndoa yaweza kuvunjika kwa kitenzi kimoja kilichotumiwa visivyo.

Mifano michache itaonyesha jinsi maneno haya mawili yalivyo mbali. Kaswende ya mtoto mchanga ni hali ya kuzaliwa nayo, lakini si ya kurithi. Ni maambukizo yaliyopita katika kondo kutoka kwa mama, nayo hutibika kwa penisilini. Mtoto wa jicho anayetokana na rubela ni wa kuzaliwa naye vile vile, lakini chanzo chake ni virusi vilivyompata mama akiwa mjamzito. Daktari Norman Gregg wa Australia alilieleza jambo hilo mwaka 1941, na Kenya iliingiza chanjo ya surua na rubela katika ratiba yake mwaka 2016. Mgongo wazi hutokea katika siku 28 za mwanzo wa mimba, wakati mfereji wa uti wa mgongo unaposhindwa kufunga, na upungufu wa asidi ya foliki ni mojawapo ya sababu zake. Ndiyo maana mwaka 2012 sheria ya Kenya iliagiza unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe virutubisho, asidi hiyo ikiwemo. Hali ya Down, iliyoelezwa na John Langdon Down mwaka 1866, ilijulikana chanzo chake mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walipoonyesha kwamba ni kromosomu ya ziada, ya namba 21. Katika sehemu kubwa sana ya watoto, kama 95 katika kila 100, kromosomu hiyo hutokana na ajali katika kugawanyika kwa seli. Hakuna babu wala bibi aliyekuwa nayo.

Upande wa pili, selimundu ni ya kurithi kwa maana halisi, lakini kwa kawaida haionekani siku ya kuzaliwa. Dalili zake huanza baada ya miezi kadhaa. Tena mtoto huugua kwa kuwa amepokea jeni kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kila mmoja wao aweza kuwa mzima kabisa. Hata pale ambapo neno kurithi ni sahihi, basi, lile swali la "upande gani" halina maana. Ni pande zote mbili.

Iko pia hali ya tatu, ambayo si ya kurithi, na si lazima iwe imeanza tumboni. Mtoto aweza kupata mtindio wa ubongo kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Huyu hakuzaliwa nao kwa maana ya kuja nao. Aliupata alipokuwa akizaliwa. Kiswahili chaweza kusema hivyo bila taabu yoyote, lakini istilahi moja ya jumla, "ugonjwa wa kuzaliwa", huifunika tofauti hiyo. Na palipofunikwa hapo pana swali jingine la haki: kama uzazi ulisimamiwa ipasavyo. Neno la jumla laweza kumlaumu asiyehusika, na pia laweza kumficha anayehusika.

6. Maumbile na kuumbuliwa

Wengine wamependekeza kwamba tuache kilema na kurithi, tuseme "hali ya kimaumbile". Neno maumbile lina heshima, na latokana na kuumba. Latukumbusha pia kiumbe, jina ambalo kila mtu analo sawa na mwenzake. Lakini lina udhaifu. Maumbile hutaja jinsi kila mtu alivyo, mwenye hali na asiye nayo. Urefu wangu ni maumbile, na rangi ya macho yako ni maumbile. Kwa hiyo kama istilahi ni pana mno. Na kwa wengi kuumba ni kazi ya Mungu. Daktari asemapo "ni maumbile", wazazi huweza kuelewa kwamba hakuna la kufanywa, hata pale ambapo mdomo uliopasuka waweza kushonwa na mguu uliopinda waweza kunyoshwa.

Familia ya neno hili ina mwanachama mwingine anayestahili kutajwa. Kutokana na umba kuna umbua, kama vile kuna fumbua kutokana na fumba na kunjua kutokana na kunja. Kiambishi hiki hutengua tendo. Kuumbua ni kuharibu umbo. Lakini leo, hasa Nairobi, kuumbua ni kumwaibisha mtu mbele ya watu, na aliyeumbuka ni aliyeaibika. Neno limesafiri kutoka umbo hadi aibu, na njia liliyopita ni ile ile ambayo jamii imeipita.

Fasihi yetu imeliona jambo hili. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya, Mwalimu Majisifu na mkewe Dora wana watoto walemavu, na Majisifu huwaonea haya. Wahakiki wa shuleni wamezoea kuwaorodhesha watoto hao chini ya "maudhui ya ulemavu" na kupita. Uhakiki huo haujafika ndani. Jina la baba ndilo ufunguo. Anayejisifu ndiye aonaye kwamba ameumbuliwa na watoto wake, kwa sababu umbo lao amelifanya kuwa sehemu ya sifa zake. Watoto hawajaumbuka, aliyeumbuka ni yeye, na kilichomwumbua ni majisifu yake mwenyewe. Walibora alilionyesha kwa hadithi jambo ambalo historia ya neno umbua inalionyesha kwa sarufi: kwamba aibu si sehemu ya umbo, bali huongezwa na mwenye kutazama.

Na tukitaka methali inayopinga fikra hiyo ya Majisifu, tunayo: hujafa hujaumbika. Kwa kawaida hutumiwa kumkanya amchekaye mwenye kilema. Lakini tuyatazame maneno yenyewe. Methali haisemi kwamba uumbaji ulikwisha siku ya kuzaliwa. Yasema kwamba kila aliye hai bado yumo katika kuumbwa. Kwa mantiki hiyo mpaka kati ya aliyezaliwa hivyo na aliyekuja kuwa hivyo si mkubwa kama istilahi zetu zinavyodai. Wote wawili, pamoja na anayewatazama, hawajaumbika bado.

7. Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu twapendekeza yafuatayo kwa watunzi wa kamusi, wafasiri wa maandishi ya afya, na walimu.

Kwanza, kwa hali yoyote anayokuja nayo mtoto, istilahi iwe hali ya kuzaliwa nayo, na kirejeshi kisiachwe kamwe katika maandishi. "Kilema cha kuzaliwa" chaweza kubaki katika usemi wa kawaida, lakini kamusi ieleze kwamba hakitaji chanzo.

Pili, -a kurithi itumiwe tu pale ambapo jeni kutoka kwa wazazi ndiyo chanzo kinachojulikana. Kamusi zisiyaeleze maneno haya mawili kwa kurejeshana.

Tatu, pawe na istilahi ya tatu, hali iliyopatikana wakati wa kuzaliwa, kwa madhara yanayotokea katika saa za uzazi.

Nne, yasibuniwe maneno mapya kutokana na mzalia. Neno hili lingevutia kwa ufupi wake, lakini pwani, katika karne ya 19, wazalia walikuwa watumwa waliozaliwa huko huko utumwani. Haifai kumpa mtoto mchanga jina lenye historia hiyo.

Tano, majina yanayomfananisha mtoto na mnyama, kama mdomo wa sungura, yaachwe, na nafasi yake ichukuliwe na mdomo uliopasuka. Kiingereza nacho kilikuwa na jina la namna hiyo hiyo, nacho kimeliacha. Vivyo hivyo zeruzeru limeanza kulipisha fungu watu wenye ualbino. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu hao kuwa 9,729, na kwa mara ya kwanza ikawahesabu pia watu 1,524 ambao maumbile yao ya jinsi hayakuwa ya kike wala ya kiume kikamilifu, ambao Kiswahili kimewaita huntha kwa neno la Kiarabu. Kuhesabiwa huhitaji jina, na anayekuja mlangoni na karatasi ya sensa hana budi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe.

Mwisho, twapendekeza kwamba mafunzo ya lugha kwa wauguzi na wakunga yasiishie katika orodha ya istilahi. Istilahi sahihi katika kinywa cha mtu asiyejua kwamba msikilizaji wake hatumii kirejeshi haitamfikia. Afadhali mkunga aanze kwa usemi wa mtaa, "amezaliwa hivi", amwonyeshe mama kinachoonekana, kisha aongeze sentensi ya pili ambayo mama ataibeba nyumbani na kuirudia mbele ya mume na mavyaa: kwamba hali hii haikutoka upande wake wala upande wao, ikiwa ndivyo, na ikiwa ni ya kurithi, kwamba imetoka pande gani, na kwamba hakuna aliyeichagua.